Profesa Akistaafu, Mawe Yake Yaende Wapi?

(Hotuba niliyoitoa Lamu, baada ya magharibi, mbele ya wazee, walimu na vijana waliomaliza shule. Nimeiandika upya kwa kumbukumbu. Mahali nilipokatizwa na punda nimepaacha.)

Assalaam alaykum.

Mashekhe na masharifu, wazee wangu wa Mkomani na Langoni, mama zangu mliokaa huko nyuma kana kwamba huku mbele hakuna nafasi, walimu wenzangu, nanyi wanangu: ahsanteni kwa kuja. Niliombwa nizungumze juu ya mafanikio yangu chuo kikuu. Nikamwambia aliyeniita, bwana mdogo, mafanikio yangu yatakwisha kabla chai haijapoa. Niache niseme juu ya wastaafu wenzangu wa fani yetu, watu waliokula umri wao wakiisoma ardhi, na vitu walivyoviacha. Akakubali. Nadhani kwa adabu tu.

Nimekuja na jiwe. Lipitisheni, lakini lirudi. Jiwe hili limetoka kisiwa cha Manda, na nyumba zenu za mawe zimejengwa kwa jamaa zake. Ukilisogeza karibu na taa utaona vishimo vidogo vimepangika kama sega la nyuki. Kila kishimo kilikuwa chumba cha mnyama mmoja wa matumbawe, mdogo kuliko punje ya mtama. Sehemu kubwa ya mwamba huu wa pwani yetu ilijengwa chini ya maji takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Bahari ikashuka, mwamba ukabaki mkavu, wazee wetu wakaja na sururu, wakakata mawe ya kuta na mengine wakayachoma tanuuni kuwa chokaa. Kwa hiyo mtu akikuambia nyumba yake ni ya kale, mwambie hajui ni ya kale kiasi gani.

Sasa niwaeleze jiwe lilivyonirudia mkononi. Nilipostaafu, chuo nilichofundisha (sitakitaja, mshahara wake umenisomeshea watoto) kilinipa cheti, saa ya ukutani, na majuma mawili niwe nimeondoka ofisini. Nilikuwa na kabati mbili, moja ya sampuli na moja ya daftari. Daftari nilitangulia kuzipeleka nyumbani, kwa bahati tu, kwa kuwa zilikuwa nyepesi. Nilipokwenda kutafuta gari la kubebea mawe, nyuma yangu kabati ikatolewa ikawekwa koridoni chini ya dirisha bovu. Ilikuwa masika. Niliporudi, vibandiko vya karatasi vilikuwa vimebanduka vyote, vimelala sakafuni kama makoko ya uji. Na jiwe lisilo na kibandiko, ambalo hujui limetoka wapi, kina gani, siku gani, halina tena habari ya kumpa mtu. Mengi yalikwenda jaani. Hili nililikuta siku tatu baadaye limeegemezwa kwenye mlango wa ofisi ya uhasibu usijifunge. Nililitambua kwa sababu nilikuwa nimeliandika kwa wino juu ya mwili wake wenyewe. Mhasibu alinirudishia kwa shingo upande, mlango wake ulikuwa umezoea.

Mnacheka, na mimi nacheka sasa. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: katika mtu wa fani yetu anapostaafu, ni kipi hasa kinachofaa kuokolewa? Maana si kila kitu. Nitasema jambo ambalo wastaafu wenzangu hawatalipenda: maoni yetu mengi yanaweza kwenda na lile lori la taka.

Chukueni Harold Jeffreys, profesa wa Cambridge, Uingereza. Mwaka 1926 ndiye aliyeonyesha kuwa kiini cha dunia kimeyeyuka. Huyo si mtu mdogo. Alistaafu mwaka 1958, akaishi hadi 1989, na katika miaka hiyo 31 fani nzima iligeuka mbele ya macho yake: ikathibitika kwamba mabara yanasafiri, kwamba Madagaska wakati mmoja ilikuwa imebanana na pwani hii yetu ikabanduka. Yeye alikataa. Akaandika akikataa, akahutubia akikataa, akafa akikataa. Lakini mzee huyohuyo, mwaka 1940, pamoja na mwanafunzi wake Keith Bullen kutoka New Zealand, alikuwa ametoa majedwali ya dakika na sekunde ambazo mawimbi ya tetemeko huchukua kufika kutoka mahali hadi mahali ndani ya dunia. Majedwali hayo yalitumiwa na vituo vya matetemeko ulimwenguni kwa miongo mingi, yakatumiwa hata na wale waliokuwa wakimpinga. Rai yake ilianguka naye angali hai. Hesabu zake ziliendelea kufanya kazi.

Arthur Holmes yeye alikuwa kinyume chake. Alikuja Msumbiji mwaka 1911 akiwa kijana anatafuta madini, asiyapate, akapata malaria kali hadi kwao ikapelekwa habari kwamba amekufa. Alipopona alirudi kwenye kazi ya kupima umri wa mawe kwa elementi zinazooza, urani inavyogeuka madini ya risasi, na baadaye akasema kwamba ndani ya dunia mwamba wenye joto hupanda na uliopoa hushuka, polepole, kama uji mzito jikoni, na kwamba mwendo huo unaweza kuyasukuma mabara. Wengi walimwona anaota. Alistaafu Edinburgh mwaka 1956, na badala ya kukaa akaanza kukiandika upya kitabu chake kikubwa cha jiolojia. Toleo jipya lilitoka mwaka 1965, yeye ana miaka 75, na mwaka huohuo akafariki. Hata hivyo, mimi nikimkumbuka Holmes, namkumbuka zaidi kwa yale mawe aliyoyapima moja moja.

Wa tatu ni wa kwetu kwa njia ya pembeni. John Walter Gregory, aliyelitia Bonde la Ufa jina hilo. Alikuja Afrika Mashariki kijana, na msafara mkubwa uliovunjika kwa maradhi, akaanza tena mwaka 1893 na wapagazi takriban 40 tu, akafika Baringo na Mlima Kenya. Akawa profesa Glasgow tangu 1904 hadi 1929. Kustaafu hakukumweka kitako: mwaka 1932, ana miaka 68, mtumbwi wake ulipinduka katika mto Urubamba kule Peru, naye akazama. Alikwenda kutazama mawe. Ningependa kuongeza neno moja. Kila jiwe alilolitoa bara mwaka 1893 lilishuka hadi pwani juu ya kichwa cha mtu. Mawe yaliandikwa majina yote. Vichwa, kwa uchache.

Lakini ambaye nataka mumshike vizuri usiku wa leo, hasa nyinyi mabinti, ni Inge Lehmann wa Denmark. Hakuwa profesa wa kukaa na darasa. Aliongoza idara ya matetemeko katika taasisi ya serikali ya upimaji wa ardhi. Nchi yao ni tambarare, ardhi haitikisiki ovyo. Kazi yake ilikuwa kusoma mistari ambayo mashine zimechora kila ardhi inapotikisika mahali pengine. Mwezi wa Juni mwaka 1929 New Zealand ilitikisika vibaya. Dunia ilivyodhaniwa wakati huo, mawimbi ya tetemeko yakifika kwenye kiini kilichoyeyuka hupinda, na hivyo upande wa pili wa dunia panakuwa na kivuli ambamo hayasikiki. Wekeni taa nyuma ya nguzo ya msikiti: mbele ya nguzo kuna giza. Lehmann aliona kwamba ndani ya lile giza kuna mashine zilizoandika kitu, hafifu, lakini kipo. Wengine walidhani ni mawimbi yaliyojipinda pembezoni mwa kiini. Yeye hakuridhika. Mwaka 1936 akatoa hoja yake: ndani ya kiini kilichoyeyuka kuna kiini kingine, kidogo, cha namna tofauti, na ndicho kinachorudisha mawimbi yale. Leo watoto wa shule huambiwa ni kigumu kana kwamba jambo hilo lilikuwa wazi siku zote.

Alifanyaje? Ndugu yake mmoja wa ukoo alikumbuka baadaye kumwona amekaa bustanini, meza kubwa mbele yake, juu ya meza maboksi matupu ya uji wa shayiri, na ndani ya maboksi kadi. Kila kadi tetemeko moja, saa lilipotokea, saa lilipofika kituo gani. Hapakuwa na kompyuta. Maboksi ya uji! Nikikumbuka kabati langu la chuma lenye kufuli naona haya.

Lehmann alistaafu mwaka 1953, ana miaka 65. Kwa wengi huo ndio mwanzo wa kungoja. Yeye alifunga safari za Marekani, akafanya kazi na watu wa huko kwa miaka, akatambua tabaka la mpaka kwenye kina cha kama kilomita 220 ambalo mpaka leo lina jina lake. Alifariki mwaka 1993 akiwa na miaka 104. Zile kazi za uzeeni zilitoka katika mazoea yaleyale ya kadi: alikuwa na saa za mawimbi alizozikusanya mwenyewe, akizijua kama mtu anavyojua watoto wake, lipi la kuaminiwa na lipi lina uongo kidogo.

Manahodha watanisamehe nikimtaja na mtu wa bahari. Walter Munk, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi California umri wake wote, alianza kwa kubashiri mawimbi ili askari wa Vita vya Pili vya Dunia wajue siku ya kuteremka ufukweni. Baadaye, mwaka 1963, aliweka watu na vipimo kutoka New Zealand hadi Alaska, wakalifuata wimbi lililozaliwa na dhoruba kule kusini karibu na Antaktika likivuka Pasifiki nzima. Nyinyi mnayajua mawimbi hayo, yale marefu yanayokuja pasipo upepo, chombo kinapanda na kushuka na tanga limelala. Mwezi wa Januari mwaka 1991, ana miaka 73, alikwenda karibu na kisiwa cha Heard, kusini kabisa ya bahari yetu hii ya Hindi, akateremsha vipaza sauti majini. Sauti ilisikika hadi Bermuda na pwani za Marekani, karibu kilomita 18,000. Shabaha yake? Sauti hukimbia zaidi kwenye maji ya joto, basi ukipima muda wake mwaka huu, na ukaupima tena miaka ijayo, utajua bahari nzima imepata joto kiasi gani. Tazameni mtu wa miaka 73 anavyoanza kipimo ambacho maana yake itaonekana baadaye, pengine yeye hayupo. Munk aliishi hadi mwaka 2019, akapita miaka 100.

Afrika Mashariki pia tuna watu. Eric Odada wa Chuo Kikuu cha Nairobi alisoma tope la maziwa yetu makuu, lililojipanga tabaka juu ya tabaka na kuweka habari za ukame na mvua za maelfu ya miaka. Sospeter Muhongo wa Dar es Salaam alisoma miamba ya kale ya Tanzania, kisha mwaka 2012 akawa Waziri wa Nishati na Madini. Siasa nayo ni tabaka, lakini hilo sina vifaa vya kulipima.

Tushuke Malindi kidogo, maana huko ndiko nilikoelewa jambo hili hasa. Mnaijua Sabaki. Mvua zikinyesha bara, mto unaingia baharini na udongo, na maji ya ghuba yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Wavuvi wa Malindi wanasema zamani haikuwa hivi. Wakubwa ofisini husema wazee husema hivyo kila mahali. Nani mkweli? Hakuna aliyekuwa na daftari la Sabaki la mwaka 1750.

Tumbawe lilikuwa nalo. Kuna aina ya matumbawe ya mviringo, makubwa kama pipa na zaidi, ambayo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Watafiti huzama na keekee, wakalitoboa na kutoa kijiti kirefu kama mwanzi. Ukikipiga eksirei unaona mistari, mweupe na mweusi, mweupe na mweusi, kila jozi mwaka mmoja. Mwaka 2000 Julia Cole wa Marekani na wenzake, akiwemo Mkenya mwenzetu Nyawira Muthiga, walichapisha habari za joto la bahari kutoka tumbawe la Malindi, miaka 194 mfululizo. Na mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake wakatoa usomaji wa tumbawe lingine la hukohuko, la miaka 300. Wao walitafuta bariamu, aina ya metali ambayo husafiri na tope la mto na kuingia katika mwili wa tumbawe. Wakakuta kwa karne mbili za mwanzo mstari umetulia. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ukaanza kupanda, ukaendelea kupanda: ndio wakati mashamba ya walowezi yalipofunguliwa bara, misitu ikakatwa, udongo ukalegea, ng'ombe wakajazana. Wavuvi walikuwa wakisema kweli.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniumiza. Mwaka 1998 bahari ilipata joto la El Niño, na matumbawe mengi ya Malindi yakapauka na kufa. Vijiti vilivyokwisha kutolewa vimelala katika kabati za vyuo, vingine mbali sana na hapa. Mwenye kabati akistaafu, na kabati ikawekwa koridoni chini ya dirisha bovu, mtu hawezi kusema basi tutakwenda kuchimba kingine.

Narudi nyumbani, na nitamaliza.

Kazi yangu mimi ilikuwa ndogo kuliko za hao wote: visima vya Amu, yaani Lamu yetu hii. Kisiwa hiki hakina mto. Mvua inaponyesha kwenye vilima vya mchanga vya Shela, maji huzama na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyomo ardhini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Mholanzi Ghyben na Mjerumani Herzberg walipiga hesabu yake zaidi ya miaka 100 iliyopita: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40. Hesabu tamu, lakini igeuzeni. Ukivuta kwa pampu mpaka maji yakashuka nusu mita, chumvi huko chini imepata nafasi ya kupanda mita 20. Na hupanda kimyakimya. Mchanga ule wa Shela ambao watu huutazama wakaona kiwanja cha hoteli au magunia ya kujengea ndio tangi la mji. Watu wa Takwa, hapo ng'ambo Manda, waliuhama mji wao karne ya 17, na wengi husema ni maji yaliwageuka. Watu wa Shela wangali wanakwenda kule kwa ziara, kuomba mvua.

Nilipima hivi. Unachukua utepe wa chuma, unapaka ncha yake chaki, unauteremsha kisimani mpaka uguse maji, unausoma pale mdomoni mwa kisima. Ukiutoa, chaki iliyolowa imebadilika rangi, unatoa hesabu. Nyumba moja ya Langoni, bi mkubwa mwenye nyumba alikuwa amekaa karibu na birika, lile la bafuni lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, akinitazama nikipaka chaki. Akaniuliza:

"Mwanangu, wapima nini kila mwezi?"

"Maji, bibi."

"Maji hupimwa kwa ulimi."

Akanitajia visima vya mtaa wake kimoja kimoja: hiki kilikuwa kitamu nilipoolewa, hiki kiligeuka mwaka wa mafuriko, hiki cha msikiti hakijageuka. Nikarudi na mashine yangu ya kupima chumvi. Mpangilio wake na wa mashine ulitofautiana kwa kisima kimoja tu, na mpaka leo sina hakika aliyekosea ni bibi. Niliyaandika maneno yake yote, pembezoni mwa ukurasa wa tarakimu. Hayamo katika makala yoyote niliyochapisha. Mhariri hakuyataka.

Daftari hizo ndizo zilizonusurika. Ziko hapa Amu, kwa ndugu yangu, katika sanduku la mbao. Tarakimu za miaka ile hakuna atakayezipata tena popote, hata akija na mashine ya mamilioni, kwa sababu maji ya mwaka ule yalikwisha kunywewa. Chuo hakikuziuliza. Kwa hiyo nawauliza nyinyi. Nataka kila ukurasa upigwe picha kwa simu, picha ziwe na watu wengi, na nataka visima vilevile vipimwe tena, kwa utepe uleule na chaki ileile, visijepimwa kwa namna nyingine ikawa hatuwezi kulinganisha.

Kesho baada ya alasiri nitakuwa kwenye kisima cha nyumba ya marehemu bi mkubwa. Mjukuu wake ndiye yule aliyekaa karibu na mlango, ameshakubali. Utepe ninao, chaki ninayo. Anayejivunia kusoma mwandiko mbaya aje mapema, maana kurasa nyingine mimi mwenyewe zinanishinda. Na aliye na jiwe langu, naomba anirudishie.